Tutampeleka Baada ya Arusi

18 Novemba 1956, Jumapili

Mvua ya kwanza imenyesha leo. Ilianza katikati ya ibada, katekista akawa anasali kwa sauti kubwa ili apate kushinda kelele za bati.

Daftari hili ni la shule. Kurasa za mwanzo zilikuwa na hesabu za watoto, nimezichana. Masista walituambia kwamba mwalimu asiyeandika, Kiswahili chake hushika kutu, na huku juu milimani tunasema Kihehe tangu kuamka mpaka kulala. Basi nianze kama walivyotufundisha. Jina langu ni Matilda, miaka ishirini, nafundisha darasa la kwanza katika shule ya kijiji. Baba alifariki miaka minne iliyopita. Nakaa na Mama. Baba mdogo Danieli, mdogo wake marehemu, ana nyumba ng'ambo ya shamba letu la pareto, na neno lake ndilo la mwisho katika mambo yetu. Kaka yangu Liberatus ni seremala, yuko Mbeya.

Mama hajui kusoma. Baba mdogo anajua, ila hana subira na mwandiko wa mtu.

20 Novemba

Tumepanda mahindi. Mgongo unauma.

25 Novemba, Jumapili

Wakwe wamekuja. Tadeo mwenyewe hakuja, ndiyo desturi. Ametuma mshenga na Shangazi Juliana, dada ya baba yake, aliyemlea. Shangazi Juliana ni mama mrefu, mkavu, anayetazama kitu kwa muda kabla ya kukisemea. Tadeo ni mwalimu wa shule iliyo karibu na Tosamaganga. Nilimjua kwenye semina ya walimu mwaka jana, na tangu hapo nimeandikiwa barua kumi na moja.

Waliuliza yanayoulizwa. Je, katika ukoo huu kuna ukoma? Kuna kifafa? Kuna wazimu? Kuna mtu aliyewahi kutajwa kwa uchawi? Kila swali Baba mdogo alijibu hapana. Nilikuwa jikoni nasikiliza, nikajisikia safi kama kibuyu kilichosuguliwa kwa mchanga.

Arusi itakuwa Jumamosi, tarehe 4 Mei, mvua zikiwa zinaisha.

2 Desemba, Jumapili

Kaka Liberatus amefika. Hatukumtazamia kabla ya Krismasi. Alipanda lori la viazi pale Uyole, akashuka Iringa, akapanda mlima kwa miguu akinyeshewa. Hana sanduku lake la zana. Mama alipomwuliza alisema ameliacha Mbeya kwa sababu lilikuwa likimsema. Mama akacheka, akidhani ni mzaha. Nami nikacheka. Yeye hakucheka.

4 Desemba

Tumechuma pareto siku nzima. Kaka amelala siku nzima.

7 Desemba

Hali chakula kilichopikwa asipoona. Anachoma viazi vyake mwenyewe nje, ananyeshewa navyo. Mama anasema ni homa ya Mbeya, itaisha.

11 Desemba

Leo asubuhi Kaka alinisindikiza shuleni. Asubuhi huwa na nafuu. Tulipofika penye mianzi, mahali watu wanapogema pombe ya ulanzi, alisimama akaniambia jambo, na aliliambia kwa utulivu kuliko mimi ninavyoliandika.

"Matilda, mimi ni mgonjwa. Si homa. Nataka daktari."

Alisema ilianza mwezi wa nane. Alikuwa akipiga randa, akasikia watu chumba cha pili wanamsema kwa jina, wanasema ameiba, wanasema watamkata. Akaenda kutazama, hakuna mtu. Siku zilivyokwenda walihamia kila mahali. Sasa wako naye hata hapa, isipokuwa alfajiri kidogo. Alisema anajua kwamba hawapo. Hilo ndilo linalomtesa, kujua kwamba hawapo na kuwasikia vilevile.

Kisha alinieleza habari za Saulo, fundi mkuu wake, Msafwa. Saulo naye alipatwa hivyo miaka mitatu iliyopita. Ndugu zake walimpeleka kwa daktari, daktari akampeleka hospitali ya Dodoma, akakaa mwaka mzima, akarudi. Sasa anatengeneza milango kama zamani. Ni Saulo aliyempandisha lori akamwambia, nenda kwenu, waambie wakupeleke mapema, usingoje kama mimi.

Nilimwambia nitasema na Mama.

Huku kwetu neno Dodoma lina maana moja tu, wazimu. Mtoto akifanya upuuzi darasani wenzake humwambia atapelekwa Dodoma. Mimi mwenyewe nimewahi kusema hivyo, mwalimu mzima.

16 Desemba, Jumapili

Nimesema na Mama. Mama akasema na Baba mdogo. Tumekaa watatu mchana huu, Kaka akiwa nje chini ya paa la banda la kukaushia pareto, anatusikia au anawasikia wale wengine, sijui.

Baba mdogo hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alizungumza taratibu, kama mtu anayehesabu mbegu. Akasema kumpeleka kwa daktari ni kumtangaza, maana hospitali ina wagonjwa wa kila kijiji, na wagonjwa wana midomo. Akasema aliapa mbele ya wakwe kwamba ukoo wetu hauna wazimu, na hakusema uongo, siku ile haukuwa nao. Kisha akamgeukia Mama.

"Shemeji, mumeo amekufa. Pareto yako imestawi kuliko ya jirani yeyote. Sasa mwanao amerudi hana akili. Unadhani watasema nini?"

Mama alijua. Watasema amemroga mwanawe awe msukule ili shamba lizae. Mwanamke mmoja wa bonde la pili walimsema hivyo, wakamchomea nyumba, akahamia asikojulikana.

Baba mdogo alimaliza hivi: arusi kwanza. Matilda akishakuwa kwa mumewe, tutampeleka. Miezi minne na nusu si kitu.

Nilikubali. Nataka niandike hivyo, maana tayari najikuta nikijiambia kwamba sikuulizwa.

25 Desemba, Krismasi

Mimi na Mama tumekwenda kusali. Kila aliyeuliza tumemwambia Kaka ana homa. Ni wengi waliouliza. Mvua.

6 Januari 1957

Baba mdogo amempeleka Kaka kwa mganga, kwa njia ya nyuma ili katekista asiwaone. Amerudi na chale kwenye paji la uso na dawa ya kunusa. Kaka alikwenda bila kubisha. Aliniambia baadaye kwamba angeweza kwenda hata kwa nyoka kama nyoka ana dawa.

13 Januari

Chale zimepona. Sauti hazijapona.

20 Januari, Jumapili

Wiki nzuri. Kaka ameazima msumeno na randa, ananitengenezea kabati la vyombo. Nilikaa karibu naye mchana kutwa nikisahihisha daftari. Ana namna ya kupitisha kiganja juu ya ubao akiwa amefumba macho, anasema mkono unaona kuliko jicho. Nilimwuliza kama wanasema sasa hivi. Akasema ndiyo, lakini mikono ikiwa na kazi wanakuwa mbali, kama watu wa ng'ambo ya mto.

Nilifikiri, labda itakwisha yenyewe.

27 Januari

Haijaisha. Amelivunja kabati. Alisema waliingia ndani yake.

3 Februari, Jumapili

Kaka ameniomba nimwandikie barua Sista wa hospitali ya Tosamaganga. Kuandika anajua, lakini anasema akishika kalamu wanamsomea maneno mengine. Basi alisema, mimi nikaandika. Ilikuwa barua fupi, nzuri. Inasema yeye ni Liberatus, seremala, ana ugonjwa wa kichwa, anaomba aruhusiwe kuja, na kwamba yeye si mkali, hajampiga mtu.

Alinitazama nikiikunja. Alinishukuru.

4 Februari

Barua za shule huchukuliwa na mtu wa misheni kila Jumatatu. Leo alikuja. Barua ya Kaka ilikuwa ndani ya kitabu cha mahudhurio, na mkono wangu ulikuwa juu ya kitabu. Nilifikiri: Sista atamwuliza padri kuhusu ukoo wetu. Padri atamwuliza mwalimu wa shule iliyo jirani naye. Mwalimu huyo ni Tadeo.

Mtu wa misheni alikwenda zake. Barua nimeichoma jikoni nilipokuwa nachemsha maharage.

Nimemwambia Kaka nimeipeleka.

7 Februari

Ameuliza kama jibu limekuja.

9 Februari

Ameuliza.

11 Februari

Tumechuma pareto. Ameuliza.

15 Februari

Barua ya Tadeo, ya kumi na nne. Anasema amepata nyumba yenye vyumba viwili na dirisha la kioo. Nimeisoma mara tatu. Kaka aliponiona na karatasi mkononi alisimama. Ikanibidi nimwambie si hiyo.

24 Februari, Jumapili

Nimemwambia Kaka labda Sista amekwenda likizo Ulaya. Amesema, "Basi tungoje. Ulaya ni mbali." Amekonda sana. Anaziba masikio kwa pamba ya mto wake.

Mama huamka kabla yetu, humpelekea viazi vibichi na kuni ili achome mwenyewe, naye hukaa kando mpaka amalize kula. Nilikuwa nikimwona Mama kama mwoga. Sasa naona ni mtu aliyeshika vitu viwili mikononi, akijua kimoja kitaanguka.

6 Machi, Jumatano ya Majivu

Asubuhi Kaka hakuwepo. Alikuwa ameshika njia ya Iringa peke yake, kwa miguu, bila kofia, ili aende Tosamaganga kumwona Sista mwenyewe. Baba mdogo na wanawe wawili walimkuta penye daraja la magogo. Walimwambia arudi, akakataa, wakampiga. Baba mdogo mwenyewe ameniambia. Alisema, "Nimempiga mtoto wa kaka yangu," kisha akanawa mikono kwa muda mrefu penye mfereji.

Kuanzia leo amefungwa mguu kwa kamba kwenye nguzo ya banda la pareto. Kamba ni ndefu, anaweza kufika mlangoni.

Nilimpelekea maji. Hakunisemesha kuhusu barua. Naogopa amekwisha jua.

10 Machi

Mvua.

17 Machi

Mvua. Pareto haikauki, tumewasha moto bandani. Analala kando ya maua, nguo zake zote zinanuka pareto. Ulanzi umeanza kutoka kwa wingi, njia zimejaa watu wenye furaha, na kila anayepita tunaongeza sauti ya mazungumzo yetu ili asimsikie.

31 Machi, Jumapili

Hapigi kelele kila siku. Jana alipiga, akiwaomba wamwache alale. Jirani yetu Alinanuswe, Mnyakyusa aliyeoa hapa kijijini, alikuwa anapita na jembe. Alisimama, akatazama banda, akatutazama, akasema habari za mchana, akaendelea na njia yake. Mama alikaa mlangoni pa banda mpaka jioni.

9 Aprili

Ujumbe kutoka kwa Shangazi Juliana. Baada ya Pasaka, Ijumaa tarehe 26, atakuja kukaa nasi mpaka Jumapili asubuhi, ili azoeane na mkwewe kabla ya arusi. Baba mdogo anasema hakuna desturi hiyo, kwa hiyo amesikia neno.

Tumeketi tena watatu. Tulifikiri kumhamishia Kaka kwa ndugu wa Mama, lakini njia ni ya siku mbili na inapita vijiji sita. Tumeamua abaki bandani, mlango ufungwe, maua yapangwe mbele.

21 Aprili, Pasaka

Nilikwenda kusali. Sikukomunika.

25 Aprili, Alhamisi

Leo niliingia bandani peke yangu. Ilikuwa alfajiri, saa yake nzuri. Nilipiga magoti kwenye matandiko yake nikamwambia kwamba kesho Shangazi wa Tadeo anakuja, na kwamba tukipita siku hizi mbili, wiki ijayo ni arusi, na siku ya tatu baada ya arusi mimi mwenyewe nitampeleka Tosamaganga, mimi na Tadeo, kwa lori, mchana kweupe. Niliapa kwa kaburi la Baba.

Nikamwomba anyamaze.

Alifikiri. Aliuliza, "Siku mbili?" Nikasema siku mbili. Akasema atajaribu, ila hajiamini, maana wakija kwa nguvu mikono hupiga ukuta yenyewe. "Mwambie Baba mdogo anifunge mikono. Mdomo nitaufunga mimi."

Alisema hivyo kama mtu anayepanga kazi ya kesho. Nilimbusu kiganja. Kilikuwa bado na sugu za randa.

26 Aprili, Ijumaa

Baba mdogo amemfunga mapema leo, mikono nyuma, kwa kamba ya katani. Shangazi Juliana amefika saa nne na zawadi ya khanga. Mvua kubwa mchana. Naandika haraka, ananiita nimwonyeshe ninavyosonga ugali.

27 Aprili, Jumamosi

Hakuna sauti hata moja kutoka bandani. Majirani walikuja na ulanzi, wanawake wakaimba nyimbo za kunifunda. Shangazi Juliana aliketi uani tangu asubuhi akisuka mkeka, amekabili banda. Aliuliza mle mna nini. Mama alisema pareto. Akasema mbona hamwendi kuigeuza, itaoza kwa unyevu huu. Mama alisema tutageuza kesho.

Nilifurahi. Niandike ukweli, nilifurahi. Nilimshukuru Mungu kwa ukimya ule.

28 Aprili, Jumapili

Shangazi Juliana aliondoka asubuhi. Alipopotea kwenye kona tu, Mama alikimbia. Sijawahi kumwona Mama akikimbia.

Paa la banda lilikuwa limevuja juu ya nguzo ile. Kamba ya katani ikilowa hujikaza, kila mfunga mizigo anajua. Kaka alikuwa amelala ubavu, ameuma kona ya blanketi, meno yamekwama pale. Macho yalikuwa wazi. Kibuyu cha uji alichowekewa Ijumaa jioni kilikuwa pale mlangoni, hakikuguswa. Baba mdogo alikiweka akamwona ametulia, akadhani amelala. Jana hakuthubutu kusogea kwa sababu ya Shangazi na mkeka wake.

Tulimkata kamba kwa kisu. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba, vidole vya zambarau, lakini ulikuwa na joto. Wa kulia ulikuwa mweusi kuanzia kifundo, baridi kama jiwe la mtoni, na una harufu. Nilimwuliza kama anausikia. Alitikisa kichwa. Blanketi lilikuwa bado mdomoni, Mama akalitoa polepole.

Baba mdogo alisema tuukande kwa maji ya moto, tuweke majani, tungoje mpaka kesho tuone. Alikuwa analia wakati anasema. Alisema bado siku sita tu.

Nikatoka nje nikapiga yowe. Nilipiga yowe la msiba, linalosikika ng'ambo zote mbili. Baba mdogo alinishika bega, nikamsukuma. Watu walikuja kutoka kila upande na majembe yao, na Alinanuswe alikuwa wa kwanza. Niliwaambia wote kwa Kihehe, kwa sauti, kwamba kaka yangu ana ugonjwa wa akili, kwamba tumemficha tangu Desemba, kwamba mkono wake unakufa, nisaidieni kumbeba.

Nilingoja nyuso zao zibadilike. Hazikubadilika. Wanaume wawili walikwenda kukata mianzi ya machela, mmoja akavua koti lake. Alinanuswe alikuwa anafunga blanketi kwenye miti, nikamwuliza kama alijua.

"Tulijua tangu Krismasi," alisema. "Tulikuwa tunangoja mseme. Mtu huwezi kuingia katika nyumba ambayo mwenyewe amesema haina mgonjwa."

Walimbeba wanane kwa zamu mpaka barabara ya lori. Matope yaliwafika magotini. Hakuna aliyemtaja msukule, hakuna aliyemtazama Mama vibaya. Huenda wangefanya hivyo siku nyingine. Leo walibeba.

30 Aprili, Tosamaganga

Wamemkata mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo. Daktari ni mzee, Kiswahili chake kina mawe, kwa hiyo Sista alinifafanulia. Aliuliza ugonjwa wa kichwa ulianza lini. Nikasema mwezi wa nane. Akauliza kwa nini hatukuja. Daktari alisema neno, Sista akasita, kisha akalitafsiri: kichwa, labda tutakirudisha, siku hizi kuna dawa. Mkono hatuwezi.

Nilimwuliza Sista kama amewahi kwenda likizo Ulaya mwezi wa pili. Akashangaa. Akasema hajaondoka hapa miaka mitano.

1 Mei

Kaka ana homa. Hajasema neno.

4 Mei, Jumamosi

Leo.

5 Mei

Homa imepungua. Mama amekuja, analala sakafuni kando ya kitanda chake. Nesi amemkataza mara mbili, sasa amenyamaza.

12 Mei, Jumapili

Tadeo amekuja hospitalini pamoja na Shangazi Juliana. Tulikaa kwenye ukuta mfupi ulio nje ya wodi. Tadeo alinitazama mara moja, kisha akawa anatazama viatu vyake. Nilianza kueleza, Shangazi akaniinulia mkono. Alisema alikuja kijijini kwetu kwa sababu alikwisha sikia. Alitaka kuona kama tutamwambia. Aliketi siku nzima amekabili lile banda ili turahisishiwe kusema.

Nilimwuliza kama tungesema, angeruhusu arusi. Alifikiri kidogo, kama kawaida yake.

"Ningeogopa," alisema. "Tungeulizana, tungesali, labda tungechukua mwaka. Sijui. Lakini ugonjwa umetoka kwa Mungu, mwanangu. Kamba imetoka kwenu. Siwezi kumpa mtoto wangu watu wa kamba."

Nilitaka kumwambia kwamba naye alikaa siku nzima akisuka mkeka, akijua. Sina haki. Nadhani ameliona usoni mwangu, maana alinyanyuka haraka akasema jua linakwenda.

Tadeo alinirudishia barua zangu, zimefungwa kwa uzi.

15 Mei

Baba mdogo amekuja na kuku wa kumpa daktari. Hakuingia wodini. Alikaa uani amemshika yule kuku mpaka saa ya lori kurudi, akaondoka naye.

19 Mei, Jumapili

Kesho Kaka anasafiri kwenda Dodoma, na nesi mmoja, wana barua ya daktari. Dawa wanazompa hapa zinamtia usingizi, lakini leo asubuhi alikuwa macho, ameketi ukutani kwenye jua, mkono uliofungwa bendeji juu ya goti. Mvua zimekwisha. Kuna ubaridi wa Juni tayari.

Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia. Nilitaka kuanza na ile barua, kwamba niliichoma. Nikaanza. Nikasema, "Kaka, ile barua ya Sista." Akasema anajua, alijua siku ile nilipomwambia habari za Ulaya, maana mimi tangu utotoni nikidanganya hushika sikio. Alitazama wanawake waliokuwa wakianika mashuka.

Kisha akaniuliza jambo, kwa sauti ya chini, akinisogelea ili nesi asisikie.

"Siku zile mbili. Hawakunisikia?"

Nikamwambia hapana, Kaka. Hakuna aliyekusikia.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, ameridhika, kama fundi aliyeambiwa mlango umefunga vizuri. Akaniuliza kama arusi ilikuwa na watu wengi.